Kabla Hawajamsomea Melania

Jumapili, 3 Machi 2024

Alfonce, wewe ni mvivu, na uvivu wako umemtukana marehemu mbele ya kijiji kizima. Jana tumemzika Eustakia, jirani yangu wa miaka hamsini. Ukasimama wewe, katibu wa jumuiya yetu ya kanisa, miwani imeshuka puani, ukatusomea historia ya marehemu: "Alibarikiwa watoto saba." Eustakia hakuzaa hata mmoja. Wifi zake walimsimanga kwa jambo hilo mpaka mvi zikamwota. Watu wakainama, wengine wakaficha vicheko kwenye vitenge. Mimi nikajua hapo hapo: umechukua karatasi ya Mzee Ntakirutimana tuliyemzika Januari, umebadilisha jina, ukasahau watoto wake. Nikakufuata kwenye migomba baada ya mazishi. Ukanijibu, "Samahani mama, historia zote zinafanana."

Zinafanana kwa sababu huulizi mtu.

Haya naandika kwenye daftari alilonipa mwalimu Joan. Amepanga chumba kwangu, anafundisha shule ya msingi hapa Keza, kwao Biharamulo. Nilimwambia anifundishe kuandika. Akasema, "Bibi, si unajua?" Najua. Nilifika darasa la nne, jina langu Selestina naliandika vizuri kuliko vijana wengi. Nataka kuandika jambo refu na mtu alielewe. Hakuuliza jambo gani, na hapo nilimheshimu kidogo.

Wiki hii wanamrudisha binti yangu Melania kutoka hospitali ya Mwanza. Ana ugonjwa wa shingo ya kizazi. Madaktari wamesema apelekwe nyumbani akapumzike. Mtu mzima akiambiwa hivyo anaelewa.

Sitaki Alfonce amsomee karatasi ya mtu mwingine.

Jumatatu, 4 Machi

Sheria ya mwalimu Joan: kila siku, saa ile ile, mahali pale pale, hata kama ni mstari mmoja. Anasema ukiruka siku moja mkono unasinzia, ukiruka wiki unakufa. Nimemwambia nimeshika jembe miaka sitini, sihitaji mtoto wa juzi anifundishe maana ya kila siku. Lakini nimekubali. Saa nane, baada ya chakula, kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni.

Jumanne, 5 Machi

Mvua.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kalamu inaumiza vidole kuliko jembe.

Alhamisi, 7 Machi

Wamemleta. Gari lilikataa tope huko barabarani, wakampandisha pikipiki, katikati ya dereva na kaka yake Pancras, amefungwa kitenge kwenye mgongo wa dereva asianguke. Nilipomfungua alikuwa mwepesi kama mganda wa majani makavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Alikuwa hajakanyaga nyumba hii miaka tisa. Nimempa chumba cha mbele, chenye dirisha.

Jumamosi, 9 Machi

Jana sikuandika, nilifua. Mwalimu Joan amenitazama kwa jicho ambalo anawatazamia wanafunzi wake. Nikamwambia ageuze jicho lake.

Leo nimeanza: "Melania alizaliwa mwaka 1986 katika kijiji chetu, akiwa mtoto wa pili katika familia yenye kumcha Mungu." Nikampa asome. Akasoma, akarudisha daftari.

"Bibi, hiyo hata Alfonce angeiandika."

Nilitaka kumfukuza chumbani kwangu na masanduku yake. Akasema kila siku niandike kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu, nisiandike nilichosikia kikisomwa kanisani au msibani. Binti huyu hana adabu. Lakini alipokwenda nikafuta, nikaandika hivi:

"Nilimzaa shambani, tunang'oa maharage, sikuwahi kufika nyumbani. Nilimfunga kwenye kitenge na udongo wake. Alilia mpaka kwa Eustakia wakasikia."

Nimesoma mara tatu. Ni kweli yote.

Jumapili, 10 Machi

Misa. Alfonce kaniamkia kwa mbali.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Melania hali ugali, anakunywa uji tu.

Alhamisi, 14 Machi

Kalamu yangu inakwaruza, amenisikia. Mlango wa chumba chake unatazama jikoni.

"Mama, unaandika nini?"

"Hesabu ya maharage."

"Maharage hayajatoa hata maua."

Huyu ni mwanangu kweli, hadanganyiki. Akasema, "Unaandika yangu."

"Ndiyo, yako."

"Kwani nimeshakufa?"

"Bado."

Akacheka mpaka maumivu yakamshika, nikampa dawa ya maji ile chungu. Alipotulia akaniambia, "Basi njoo uniulize mimi. Mnangoja mtu afe ndipo mkaulize majirani."

Kuanzia leo kuna sheria ya pili, na hii siyo ya mwalimu: kabla ya kuandika, namuuliza Melania swali moja. Sitaki mawili, anachoka.

Ijumaa, 15 Machi

Swali: Kule Lusahunga, kwenye kibanda chako cha barabarani, ulikuwa unapika nini?

Chai saa kumi na moja alfajiri, madereva wa malori wanapoamka. Mchana ugali, maharage, samaki. Alikuwa na mabenchi mawili na turubai la bluu. Walimwita Mama Chumvi kwa sababu siku ya kwanza alizidisha. Anasema dereva mmoja kutoka Rusumo alikuwa akipitia kwake kila safari akisema, "Mama Chumvi, nimekuja kuongeza presha."

Mimi miaka hiyo yote, watu wakiuliza, nilijibu, "Yuko huko, kwenye biashara." Nao walinong'ona biashara gani, barabarani, malori usiku na mchana. Nikasikia. Sikuwakatalia.

Jumatatu, 18 Machi

Swali: Ni nani aliyekufundisha kusuka ukili?

"Wewe." Nilikuwa nimesahau.

Alhamisi, 21 Machi

Niliona nisimchoshe na swali la leo, jibu nalijua. Nikaandika mwenyewe: "Hakubahatika kupata mtoto." Aliishi na mume wake Niyonkuru kule Kabanga miaka saba, hawakupata kitu. Nikamsomea, maana mwalimu Joan anasema nisome kwa sauti kila nilichoandika, sikio linakamata uongo ambao jicho limeupita.

Melania akasema, "Futa."

"Nifute nini?"

"Andika mmoja. Wa kike. Aliishi miezi minane. Malaria. Amezikwa Lusahunga, nyuma ya kanisa."

Nikauliza alizaliwa lini. Akanitajia mwezi. Nikauliza baba yake ni nani, akasema hilo halihusu daftari. Nikauliza jina.

"Selestina."

Kalamu ilikaa hewani. Akasema, akiangalia dirisha, "Usifurahi. Nilikuwa na hasira na wewe siku hiyo. Nilitafuta jina jingine likakosekana."

Jioni nilimwita Pancras, nikamuuliza kama alijua. Alijua. Ndiye aliyechimba kaburi. Nikamwambia wewe ni mwanaume gani, unamzika mjukuu wangu na kurudi hapa kula chakula changu bila kusema. Akanijibu taratibu, kofia mkononi: "Mama, ulisema jina la dada lisitajwe ndani ya nyumba hii. Nilitii."

Nilisema hivyo. Ni kweli nilisema.

Na mimi nilikuwa nikiandika watoto wa mtu bila kumuuliza mwenyewe.

Ijumaa, 22 Machi

Selestina, miezi minane. Nimeandika.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Hatukwenda njia ya msalaba, hawezi kuachwa. Nimemsomea ukurasa wote wa maisha yake ya ndoa. Nilikuwa na majivuno, maana sasa naandika nusu ukurasa bila kusimama. Nikafika hapa: "Mwaka 2015 alitengana na mume wake, akahamia Lusahunga."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Mama, mtu hatoki Kabanga akatua Lusahunga kama ndege. Katikati hapo nilipita wapi?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka."

Akageukia ukutani. Nilikaa na daftari mapajani mpaka uji ukapoa.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Mvua. Tumekula wali. Yeye vijiko viwili.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua imeangusha migomba minne.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua kubwa. Choo cha jirani kimetitia.

Alhamisi, 4 Aprili

Mwalimu Joan amepekua daftari, nimemruhusu. Akasema, "Bibi, tangu Ijumaa Kuu hujaruka hata siku moja. Lakini unaandika mvua."

"Si inanyesha?"

"Inanyesha. Nilikuambia mstari mmoja kila siku, sikusema mstari ule ule."

Nikamwambia aende akasahihishe madaftari ya watoto wa watu. Akaenda. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi.

Jumapili, 7 Aprili

Nimeanza Ijumaa, nimemaliza leo. Siku tatu, na si mengi. Nayaandika hapa kama nilivyoyaandika kule kurasa za nyuma, kwenye historia yake.

"Niyonkuru alimtolea Melania ng'ombe watatu. Ng'ombe wale wale tuliwatoa kwa kina Consolatha, Pancras akapata mke. Kwa hiyo Melania alipoanza kurudi nyumbani na alama za kupigwa, tulikuwa hatuna ng'ombe wa kurudisha. Mara ya kwanza baba yake alimsindikiza kwa mume. Mara ya pili nilimsindikiza mimi. Baba yake akafa. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, saa tisa mchana, mvua inanyesha, sikio linatoka damu. Consolatha alikuwa ndani, ana mimba ya miezi minane. Melania alibisha hodi. Mimi Selestina, mama yake, nilimjibu bila kufungua: ng'ombe wameshaliwa, rudi kwako. Nikatia komeo. Alikaa kwenye upenu mpaka mvua ikapungua. Nilisikia miguu yake kwenye tope akiondoka. Nikaendelea kumenya ndizi."

Mchana huo nilijiona mama mwenye msimamo. Nilikwenda jumuiya nikasema binti akiolewa ameolewa, na wanawake wakanipongeza.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemsomea. Nilisoma vibaya, nikakwama mara mbili. Yeye alifumba macho, nikadhani amelala.

"Haikuwa ndizi," akasema.

"Nini?"

"Ulikuwa unamenya muhogo. Nilikuona kwenye ufa wa mlango. Kisu kile cha mpini wa waya."

Miaka tisa nilidhani mlango umenificha.

"Niandike muhogo?"

"Andika muhogo."

Nikafuta ndizi. Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Mama, swali ni moja kwa siku. La leo umeshauliza."

Jumatano, 10 Aprili

Nilikuwa na swali la leo tayari. Alitapika tangu asubuhi. Sikuuliza.

Alhamisi, 18 Aprili

Jumuiya wamekuja kumsalia. Waliimba vizuri, nisiwanyime haki yao. Alfonce alibaki nyuma, akaniomba "taarifa za mgonjwa, tujipange". Nikamuuliza mnajipanga kwa lipi. Akasema kwa lolote. Nikamwambia taarifa ziko kwangu, na zikitakiwa nitazisoma mimi. Akatabasamu kama mtu anayeongea na kichaa.

"Mama mzazi hasomi, mama. Mama mzazi anakaa kwenye mkeka, anashikwa na wenzake."

"Nani kaandika hivyo?"

"Ndivyo ilivyo."

Jumanne, 23 Aprili

Swali: Unaogopa?

"Maumivu ndiyo. Hiyo nyingine siyo."

Jumamosi, 27 Aprili

Pancras amesoma daftari. Nililiacha kigodani nikaenda kuchota maji, nikamkuta amesimama nalo mlangoni, midomo inatembea. Pancras alifika darasa la saba, anasoma haraka.

"Mama, haya hayawezi kusomwa mbele za watu."

"Yapi ni ya uongo?"

"Hakuna. Ndiyo maana hayawezi."

Nikamwambia unaona aibu ya ng'ombe wako. Nikamwambia ulipata mke kwa sikio la dada yako, kaa na aibu yako kimya. Nilimkaripia mpaka Consolatha akatoka nyumbani kwake kusikiliza. Pancras akachukua baiskeli akaenda.

Jumatano, 1 Mei

Sasa mnisikie. Leo Alfonce ameleta karatasi imechapwa kwa kompyuta, ameitoa Ngara mjini, imewekwa kwenye plastiki isilowe. Pancras ndiye aliyempa maneno. "HISTORIA FUPI YA MAREHEMU MELANIA." Marehemu. Na mwenyewe yuko chumbani anakohoa. "Aliishi kwa upendo na amani na familia yake. Alijishughulisha na biashara ndogo ndogo. Alianza kuugua. Alifariki tarehe" na hapo wameacha nafasi, nukta nukta, wajaze kwa kalamu.

Nilitaka kuitia motoni, lakini Melania alisikia sauti zetu.

"Lete nione."

"Hii haikuhusu."

"Ina jina langu."

Nikamsomea, hawezi tena kushika kitu. Alisikiliza mpaka kwenye nukta nukta. Akasema, "Huyo mwanamke ni mtulivu. Ningependa kumfahamu." Kisha akasema, "Mama, usiache Lusahunga. Usiache mtoto. Na ule mlango."

"Mlango nao?"

"Ukiuacha, watadhani nilikwenda mwenyewe."

Alfonce alikuwa amesimama ukumbini, amesikia yote. Akatoka bila kuaga. Karatasi yake nimeiweka chini ya mtungi, inazuia unyevu.

Ijumaa, 3 Mei

Pancras amekuja, akakaa chini, siyo kwenye kiti. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpiga nayo. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa Lusahunga kila baada ya mavuno. Nilimpelekea maharage. Aibu yangu nimeila kwake, tulishamalizana. Ninayemwogopea ni wewe. Ukisoma yale, kesho yake huna wa kukuamkia. Utaitwa mama aliyemfungia mwanawe nje. Wajukuu wako wataulizwa shuleni."

Miaka yote nimemdhania ni mtu wa kujifikiria yeye, kumbe mzigo wa maharage ulikuwa unakwenda upande ule na mimi nahesabu magunia nikidhani tunaibiwa.

Nikamwambia, "Waniite. Ndiyo jina langu."

Akafuta uso, akasema atafikiri.

Jumatatu, 6 Mei

Anasema chai inanuka. Tumeacha chai.

Alhamisi, 9 Mei

Swali: Turubai la bluu alichukua nani?

Hakujibu. Siku ya kwanza asijibu.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeuliza, nimengoja, nimeandika swali tu.

Jumatatu, 13 Mei

Dawa ya maji imebaki robo chupa. Pancras amekwenda Ngara kutafuta nyingine. Mvua imekatika, maharage yanakauka, hakuna anayeyaangalia.

Jumanne, 14 Mei

Sikuuliza. Nilimsomea daftari lote toka mwanzo, na mvua zote, na makaripio niliyowakaripia watu. Kwenye Mama Chumvi kona ya mdomo ilicheza. Kwenye mlango aliweka mkono wake juu ya daftari, ukakaa hapo. Sijui maana yake, na sitaandika nisichokijua.

Alhamisi, 16 Mei

Melania amefariki saa nne asubuhi. Jua lilikuwa linawaka.

Ijumaa, 17 Mei

Saa nane. Nyumba imejaa watu, wanawake wananivuta nirudi kwenye mkeka. Nimewaambia wangoje, hii ndiyo saa yangu. Mwalimu Joan amesimama mlangoni anawazuia, mwembamba vile, na wanamwogopa.

Usiku wanaume wa ukoo walikaa kikao cha msiba, na asubuhi Pancras amekuja kunipa majibu. Baba mdogo amekataa. Mwenyekiti wa jumuiya amekataa. Wamesema mambo ya ndani yazikwe ndani, isomwe karatasi ya Alfonce. Nikamuuliza, "Na wewe ulisemaje?" Akasema, "Nilisema marehemu aliomba, na mimi ndiye kaka mkubwa, na anayetaka kusoma nyingine aje achimbe kaburi yeye." Akainua mikono yake nione. Ina udongo. Basi nitasoma mimi.

Nimenakili historia kwenye karatasi safi, kurasa tatu. Nimeondoa maneno mawili makubwa niliyotia kwa kujionyesha. Nimesoma kwa sauti mara nne, na mara ya nne Consolatha alikuwa nyuma yangu. Alisikia habari ya mimba yake na ng'ombe. Aliondoka, nikadhani amekasirika. Akarudi na kitambaa cheusi akanifunga kichwani.

Mwisho nimeacha wazi kwa makusudi. Watu wanangoja pale pawekwe Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Sitaweka. Niyonkuru alichukua, mimi nilichukua, ugonjwa ulichukua. Padri atasema ya Bwana, ni kazi yake.

Sasa yafanywe haya kesho kwenye mazishi. Alfonce, kipaza sauti ukiteremshe, mimi ni mfupi. Ukisha, ukae na watu wengine. Pancras, watoto wako wawe mbele, wasikie kwangu kabla hawajasikia njiani. Kitabu cha maombolezo kikifunguliwa, chini ya jina la Melania aandikwe Selestina, miezi minane. Wanawake wa mkeka, msinishike mikono, nitaihitaji kwa karatasi. Mimi si msomaji wa haraka. Nikikwama kwenye neno, asinitajie mtu, na asianzishe mtu wimbo. Mnyamaze, mnisubiri.